Kufungwa kwa Bembea Kubwa Duniani na Mabadiliko ya Mtazamo Kuhusu Usalama wa Wageni

Ajali haina kinga, wasema wahenga. Hata hivyo, historia ya bustani za burudani duniani katika miaka 50 iliyopita inaonesha kuwa ajali nyingi zilizoua au kulemaza wageni zilikuwa na kinga, na kwamba kinga hiyo mara nyingi ilikuwa jambo dogo: kifaa kisichonunuliwa, ukaguzi ulioahirishwa au mfanyakazi asiyeelezwa kazi ya kitufe kilicho mbele yake.

Makala haya yanaeleza sababu zinazofanya bembea na mitambo mingine ya burudani kufungwa kwa muda au moja kwa moja, ajali zilizobadili sheria katika nchi mbalimbali, na namna wajibu wa usalama ulivyohama kutoka kwa mgeni kwenda kwa mmiliki na mwendeshaji. Aidha, yanaainisha mambo ambayo mzazi au mlezi anapaswa kuyaangalia kabla ya kumpandisha mtoto kwenye bembea ya mashine.

Aina za kufungwa kwa mtambo

Si kila mtambo unaofungwa umepata ajali. Katika bustani zinazoendeshwa kwa utaratibu, zipo namna nne za kufunga.

Ya kwanza ni kusimamisha mtambo kwa dakika au saa chache kutokana na hali ya hewa, hitilafu ndogo au kihisio kilichotoa tahadhari. Upepo mkali, radi na mvua ni sababu za kawaida. Wageni wengi hukasirika wanapoambiwa wasubiri, lakini kusimama huko ni dalili kuwa mfumo unafanya kazi yake.

Ya pili ni kufunga kwa ajili ya matengenezo ya msimu, ambapo magari na viti hufunguliwa, ekseli na viungio hupimwa na sehemu zilizochakaa hubadilishwa.

Ya tatu ni kufunga kwa amri ya mamlaka baada ya ajali au malalamiko, hadi uchunguzi ukamilike.

Ya nne ni kufunga moja kwa moja. Hatua hii huweza kutokana na ajali, lakini pia hutokana na uchakavu, gharama za matengenezo au mpango wa kujenga kitu kipya. Kwa mfano, rolakosta ya Kingda Ka katika Jimbo la New Jersey nchini Marekani, iliyokuwa na kimo cha mita 139 na kushika nafasi ya kwanza duniani kwa urefu wa kwenda juu, ilifunguliwa mwaka 2005, ikafungwa mwaka 2024 na kuangushwa kwa baruti mwezi Februari 2025 ili kupisha mradi mwingine. Rolakosta ni treni ya burudani ipitayo kwenye reli zilizojengwa juu ya nguzo, ikipanda na kushuka kwa kasi na wakati mwingine kumpindua abiria kichwa chini.

Enzi ya mgeni kujilinda mwenyewe

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, fikra iliyotawala ilikuwa kwamba anayepanda bembea ameridhia hatari yake. Mmiliki aliweka kibao cha onyo langoni, naye mgeni akalipa kiingilio na kuingia. Yaliyotokea baada ya hapo yalichukuliwa kuwa bahati mbaya au uzembe wa mgeni mwenyewe.

Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa bustani ya Action Park iliyokuwa Vernon, New Jersey, kuanzia mwaka 1978 hadi 1996. Bustani hiyo ilijinadi kwa kumwachia mgeni uamuzi wa kasi na ujasiri wake. Mwaka 1985 ilifungua mtelezo wa maji uliokuwa na duara kamili la kumgeuza mtu kichwa chini, na mtelezo huo ukafungwa baada ya takribani mwezi mmoja. Katika uhai wa bustani hiyo watu 6 wanajulikana kufariki, wakiwemo waliozama katika bwawa la mawimbi na mmoja aliyepigwa na umeme. Pamoja na hayo iliendelea kupokea wageni kwa miaka mingi, jambo linaloonesha jinsi jamii ya wakati huo ilivyovumilia hatari ambazo leo zingefunga biashara ndani ya siku chache.

Battersea, 1972

Nchini Uingereza, ajali iliyoacha kumbukumbu nzito ilitokea Mei 30, 1972 katika bustani ya Battersea jijini London. Treni ya rolakosta ya mbao iliyoitwa Big Dipper ilikuwa ikivutwa kupanda mlima wake wa kwanza ilipoachana na kamba ya kuvutia. Breki iliyopaswa kuizuia isirudi nyuma haikushika. Treni ilirudi kwa kasi na kugonga, watoto 5 wakafariki na wengine 13 wakajeruhiwa.

Rolakosta hiyo haikufunguliwa tena, na miaka miwili baadaye uwanja mzima wa burudani wa Battersea ulifungwa. Meneja na mhandisi wake walishtakiwa kwa kosa la kuua bila kukusudia, lakini mahakama iliwaachia huru. Swali lililobaki lilikuwa zito: ikiwa hakuna mtu mmoja mwenye hatia, ni nani basi anayewajibika kwa mfumo ulioshindwa?

Jibu la kisheria lilipatikana mwaka 1974, ingawa sheria yenyewe haikutungwa kwa sababu ya ajali hiyo. Sheria ya Afya na Usalama Kazini ya Uingereza, iliyotokana na kazi ya Kamati ya Lord Robens, iliweka wajibu mpya kwa mwajiri. Mbali na kuwalinda wafanyakazi wake, alitakiwa kuhakikisha kuwa shughuli zake hazihatarishi watu wasio wafanyakazi. Kwa maneno mengine, mgeni aliyelipa kiingilio aliingia rasmi ndani ya ulinzi wa sheria ya mahali pa kazi. Kifungu hicho ndicho kilichotumika miaka 40 baadaye katika kesi ya Alton Towers.

Chuma nacho huchoka

Japani ilipata somo lake Mei 5, 2007, siku ya mapumziko ya Siku ya Watoto, katika bustani ya Expoland mjini Suita, Osaka. Ekseli ya gari moja la rolakosta ya Fujin Raijin II ilikatika treni ikiwa njiani. Gari liliinama upande, msichana wa miaka 19 akafariki na watu 19 wakajeruhiwa. Uchunguzi ulibaini kuwa ekseli hiyo ilikuwa imevunjika kutokana na uchovu wa chuma, na kwamba haikuwahi kubadilishwa tangu mtambo ulipowekwa mwaka 1992. Kipimo cha kutafuta nyufa kilikuwa kimeahirishwa. Wageni waliacha kwenda, na bustani hiyo ikafungwa moja kwa moja mwaka 2009.

Uchovu wa chuma ni hali ambapo chuma kinachobeba uzito, kuachia na kubeba tena kwa maelfu ya mara huanza kupata ufa mdogo ndani yake. Ufa huo hauonekani kwa macho na hausikiki. Hukua polepole hadi siku chuma kinapokatika ghafla. Ndiyo maana ukaguzi wa mtambo wa burudani hauwezi kuishia kwenye kuangalia rangi na kukaza bolti. Zipo njia za kupima bila kuvunja, kwa mawimbi ya sauti, kwa sumaku au kwa rangi maalumu inayoingia ndani ya ufa na kuudhihirisha.

Kutu nayo hufanya kazi yake kwa siri. Julai 26, 2017, katika maonesho ya Jimbo la Ohio mjini Columbus, Marekani, mkono wa bembea iitwayo Fire Ball ulikatika ikiwa inazunguka. Kijana wa miaka 18 alifariki na wengine 7 wakajeruhiwa. Bembea hiyo ilikuwa imekaguliwa na kupewa kibali. Mtengenezaji wake, kampuni ya KMG ya Uholanzi, alieleza kuwa kutu iliyokithiri ndani ya nguzo ya chuma ilikuwa imepunguza unene wa kuta zake kwa miaka kadhaa. Kampuni iliagiza bembea za aina hiyo zisimamishwe kila mahali zilipo.

Tukio la Ohio lina funzo kwa nchi yoyote inayonunua mitambo iliyokwisha kutumika kwingine. Bembea za maonesho hufungwa, hupakiwa kwenye malori na kufungwa tena mara nyingi kwa mwaka, na huuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine. Onyo la mtengenezaji linamfikia mmiliki anayejulikana kwake tu. Asiye na kumbukumbu za mtambo, kitabu cha matengenezo wala mawasiliano na mtengenezaji hawezi kujua kuwa bembea ya aina yake imesimamishwa upande wa pili wa dunia.

Dreamworld: dakika moja iliyobadili sheria

Tukio lililochunguzwa kwa kina kuliko mengi ni lile la bustani ya Dreamworld iliyopo Gold Coast, Jimbo la Queensland, Australia. Mchezo wenyewe ulikuwa wa familia. Thunder River Rapids, uliofunguliwa mwaka 1986, ulikuwa mto wa kutengenezwa ambao wageni waliuzunguka wakiwa wameketi 6 kwa 6 ndani ya vyelezo vya duara. Mwisho wa safari, chelezo kilipandishwa na mkanda wa mbao unaozunguka kwa mota hadi eneo la kushukia. Haukuwa mchezo wa kutisha, na wazazi waliwapandisha watoto wao bila hofu.

Maji ya mto huo yalisukumwa na pampu mbili kubwa. Oktoba 25, 2016 pampu moja ilizimika mara mbili na kuwashwa tena. Mara ya tatu, muda mfupi baada ya saa 8 mchana, ilizimika na kina cha maji kikashuka ndani ya sekunde chache. Chelezo kimoja kisicho na watu kilikwama kwenye reli karibu na mwisho wa mkanda. Mkanda haukusimama. Chelezo kingine chenye watu 6 kilifika nyuma yake, kikakigonga, kikainuka wima na kuvutwa kwenye mitambo ya mkanda. Watu wazima 4 walifariki. Watoto wawili waliokuwa nao walinusurika.

Mchunguzi wa vifo wa Queensland alisikiliza ushahidi mwaka 2018 na kutoa matokeo yake Februari 24, 2020. Mambo aliyoyabaini yanastahili kuelezwa moja baada ya jingine, kwa kuwa kila moja lingeweza peke yake kuzuia vifo hivyo.

Hakukuwa na kifaa cha kuhisi kina cha maji ambacho kingesimamisha mkanda mara pampu ilipozimika. Kifaa hicho ni cha kawaida na bei yake ni ndogo. Mwendeshaji alitegemewa kuona kwa macho kuwa maji yamepungua, huku akipandisha wageni, akishusha wengine na kuangalia vitufe vingi.

Kilikuwepo kitufe cha dharura karibu na eneo la kushukia, ambacho kingesimamisha mkanda ndani ya sekunde mbili. Mfanyakazi aliyekuwa karibu nacho hakuwa ameelezwa vya kutosha kazi yake. Kitufe cha kwenye meza kuu ya uendeshaji kilichukua muda mrefu zaidi kusimamisha mkanda huo huo.

Baadhi ya mbao za mkanda zilikuwa zimeondolewa miaka ya nyuma, na kuacha mapengo yaliyokiwezesha chelezo kunaswa. Vilevile, vyelezo viliwahi kugongana katika mchezo huo huo, ikiwemo mwaka 2001 na mwaka 2014. Matukio hayo yaliandikwa, lakini hayakugeuka kuwa mabadiliko ya mtambo.

Jambo zito zaidi ni kuwa kwa takribani miaka 30 hakuna mhandisi mwenye sifa aliyewahi kuutazama mchezo huo kwa ujumla wake na kujiuliza ni nini kinaweza kwenda vibaya. Sehemu moja moja zilitengenezwa zilipoharibika. Mfumo mzima haukupimwa. Mchunguzi alihitimisha kuwa ajali ilikuwa inasubiri siku yake.

Kampuni mama, Ardent Leisure, ilikiri makosa matatu mahakamani na Septemba 2020 ikatozwa faini ya dola za Australia milioni 3.6. Mchezo wenyewe ulifungwa moja kwa moja na kubomolewa.

Mabadiliko ya kisheria hayakusubiri hukumu. Mwaka 2017 Bunge la Queensland lilitunga kosa jipya la kusababisha kifo kazini kwa uzembe, ambalo adhabu yake ya juu wakati huo ilikuwa kifungo cha miaka 20 kwa kiongozi wa kampuni na faini ya dola za Australia milioni 10 kwa kampuni yenyewe. Sheria hiyo ilichochewa na vifo vya Dreamworld pamoja na vifo vya wafanyakazi wa ujenzi vilivyotokea Brisbane mwezi huo huo. Mwaka 2019 zikafuata kanuni mahususi za mitambo ya burudani: bustani kubwa zinatakiwa kuwa na leseni, kuwasilisha andiko linaloeleza hatari zote na namna zinavyodhibitiwa, kufanya ukaguzi mkubwa wa kila mtambo angalau mara moja kila baada ya miaka 10, na kuhakikisha waendeshaji wamefundishwa na wanathibitishwa kuwa na uwezo.

Alton Towers: pale binadamu anapoipuuza mashine

Iwapo Dreamworld ilikosa vihisio, bustani ya Alton Towers huko Staffordshire, Uingereza, ilikuwa navyo. Rolakosta ya The Smiler, iliyofunguliwa mwaka 2013, ilisifika kwa kumgeuza abiria kichwa chini mara 14, idadi iliyoweka rekodi ya dunia. Mfumo wake wa kompyuta uligawa reli katika vipande, na haukuruhusu treni kuingia kipande ambacho tayari kina treni nyingine.

Juni 2, 2015, siku yenye upepo mkali, treni tupu ya majaribio ilikwama katikati ya njia. Kompyuta iliizuia treni iliyofuata, kama ilivyotakiwa. Mafundi waliamini kuwa ni tahadhari ya uongo, kwa kuwa hawakujua kuwa treni moja zaidi ilikuwa imeongezwa njiani siku hiyo. Wakaondoa kizuizi kwa mkono. Treni yenye watu 16 ikaachiwa na kuigonga ile iliyokwama. Watu wote 16 waliumia, na wasichana wawili walikatwa mguu mmoja kila mmoja. Kuwatoa majeruhi kulichukua saa kadhaa.

Kampuni ya Merlin ilikiri kosa na Septemba 2016 ikatozwa faini ya pauni milioni 5. Jambo la kuzingatia ni kuwa mamlaka za usalama za Uingereza hazikuelekeza lawama kwa fundi aliyebonyeza kitufe. Zilieleza kuwa kosa lilikuwa la kampuni kutoweka utaratibu wa maandishi wa namna ya kushughulikia tahadhari, wa kuhesabu treni zilizopo njiani na wa kuthibitisha kwa macho kuwa njia iko wazi. Bustani nzima ilifungwa kwa siku kadhaa baada ya ajali, na The Smiler yenyewe ilifunguliwa tena mwaka 2016 baada ya taratibu kubadilishwa.

Pengo la sheria nchini Marekani

Marekani ina bustani nyingi kubwa na kampuni zenye uzoefu wa miaka mingi, lakini haina mamlaka moja ya kitaifa inayokagua mitambo ya bustani za kudumu. Tangu mwaka 1981, Tume ya Usalama wa Bidhaa ya nchi hiyo imebaki na mamlaka juu ya mitambo inayohamishwa tu, kama ile ya maonesho. Ya bustani za kudumu iko mikononi mwa kila jimbo, na majimbo hayalingani. Huko Florida, bustani zenye wafanyakazi zaidi ya 1,000 zinajikagua zenyewe na kutoa taarifa za majeruhi kwa serikali ya jimbo.

Athari za pengo hilo zilionekana Kansas City, Jimbo la Kansas. Mwaka 2014 bustani ya Schlitterbahn ilifungua Verrückt, mtelezo wa maji wenye kimo cha zaidi ya mita 51, mrefu kuliko yote duniani wakati huo. Waliousanifu hawakuwa na sifa za uhandisi. Agosti 7, 2016 mtoto wa miaka 10 alifariki baada ya chelezo alichopanda kuruka juu na kugonga chuma kilichoshikilia wavu wa kinga. Kabla ya hapo, sheria za Kansas zilimwachia mmiliki sehemu kubwa ya jukumu la ukaguzi. Mwaka 2017 Bunge la jimbo lilipitisha sheria inayotaka ukaguzi wa kila mwaka unaofanywa na mkaguzi mwenye sifa. Mtelezo ulibomolewa mwaka 2018 na bustani yenyewe haikufunguliwa tena.

Florida nayo ilibadili sheria mwaka 2023. Machi 24, 2022 kijana wa miaka 14 alianguka kutoka kwenye mnara wa Orlando Free Fall, ambao hupandisha viti juu na kuviachia vishuke kwa kasi. Uzito wake ulizidi kiwango kilichowekwa na mtengenezaji, na kihisio cha kiti chake kilikuwa kimerekebishwa kwa mkono ili pengo kubwa kuliko kawaida lisomeke kuwa salama. Mnara ulifungwa na kuondolewa, na jimbo likaongeza masharti ya mikanda, mafunzo ya waendeshaji na ripoti za marekebisho ya mitambo ya aina hiyo.

Kufunga kabla ya kifo

Dalili ya wazi ya mabadiliko ya mtazamo ni mitambo kufungwa kabla haijaua. Rolakosta ya Do-Dodonpa katika bustani ya Fuji-Q Highland nchini Japani ilifika kasi ya kilomita 180 kwa saa ndani ya sekunde 1.56. Mwezi Agosti 2021 ilisimamishwa baada ya abiria kadhaa kuripoti kuvunjika mifupa ya shingo na mgongo. Hakuna aliyefariki. Machi 2024 bustani ilitangaza kuwa haitafunguliwa tena. Miaka 40 iliyopita, mtambo wenye sifa kubwa kama huo ungeendelea kufanya kazi kwa kubadilishiwa kibao cha onyo.

Sambamba na hatua za kampuni moja moja, viwango vya kitaalamu vimekua. Kamati ya F24 ya shirika la viwango la ASTM ilianzishwa Marekani mwaka 1978 kwa ajili ya mitambo ya burudani pekee. Ulaya ina kiwango cha EN 13814 kilichotolewa mwaka 2004 na kufanyiwa mapitio mwaka 2019, na Shirika la Viwango la Kimataifa lilitoa kiwango cha ISO 17842 mwaka 2015. Kwa ujumla, viwango hivi vinahusu usanifu, utengenezaji, ukaguzi na uendeshaji, hivyo kumfanya mtengenezaji, mmiliki na mwendeshaji kila mmoja awe na sehemu yake ya wajibu.

Sheria inasema nini Afrika Mashariki

Msingi uliowekwa na sheria ya Uingereza ya mwaka 1974 umeingia pia katika sheria za Afrika Mashariki. Nchini Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), inaeleza miongoni mwa madhumuni yake kuwalinda watu wasio wafanyakazi dhidi ya hatari zinazotokana na shughuli za walio kazini. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 ina madhumuni kama hayo.

Kwa msingi huo, uwanja wa bembea, bwawa la kuogelea lenye mitelezo au maonesho ya msimu wa sikukuu ni mahali pa kazi. Mtoto aliyeletwa na mzazi wake siku ya Idi, Krismasi au Sabasaba ni miongoni mwa watu ambao sheria imewakusudia.

Mambo ya kuangalia kabla ya kupanda

Wajibu wa mmiliki hauondoi umakini wa mgeni. Matukio yaliyoelezwa hapo juu yanatoa mwongozo ufuatao kwa wazazi, walezi na walimu wanaoongoza ziara za wanafunzi:

1. Kuangalia kibao cha masharti ya kimo, umri na uzito, na kuyafuata bila kumbembeleza mwendeshaji. Mkanda au kizuizi kilichosanifiwa kwa mtu mzima hakimshiki mtoto mdogo, na kilichosanifiwa kwa uzito fulani hakimshiki aliyeuzidi.

2. Kumtazama mwendeshaji akipandisha kundi la mbele. Anayekagua kila mkanda kwa mkono, kiti kimoja baada ya kingine, anafanya kazi yake. Asiyekagua, anayetumia simu au anayesimamia mitambo miwili kwa wakati mmoja ni sababu tosha ya kutopanda.

3. Kuangalia kutu, nyufa, mbao zilizooza, mikanda iliyofungwa kwa kamba, nyaya zilizo wazi na uzio uliovunjika. Uchakavu unaoonekana ni ishara kuwa usioonekana nao haujashughulikiwa.

4. Kuacha kupanda mtambo uliosimama kwa hitilafu zaidi ya mara moja siku hiyo hiyo. Pampu ya Dreamworld ilizimika mara mbili kabla ya ile ya tatu.

5. Kuuliza kama mtambo umekaguliwa na lini. Mmiliki mwenye cheti hana sababu ya kukificha.

6. Kukubali kusubiri pale mtambo unaposimamishwa, na kutowashinikiza wafanyakazi kuuwasha haraka.

7. Kutoa taarifa kwa uongozi wa eneo, na pale inapobidi kwa mamlaka ya usalama mahali pa kazi au serikali ya mtaa, kuhusu hitilafu au jeraha hata kama ni dogo. Matukio ya mwaka 2001 na 2014 ya Dreamworld hayakuua mtu, lakini yalikuwa yameeleza mapema kile ambacho kingetokea.

Hitimisho

Tangu Battersea hadi leo, swali linaloulizwa baada ya ajali limebadilika. Zamani lilikuwa mgeni alifanya kosa gani, au ni mfanyakazi yupi aliyekosea. Sasa ni nani aliyeijua hatari hiyo, ni lini aliijua na alifanya nini. Mabadiliko hayo yamelipiwa kwa maisha ya watu, wengi wao watoto na vijana waliokwenda kufurahi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika mitambo ya burudani ufa huo waweza kuwa ndani ya ekseli, katika kitabu cha matengenezo kisichojazwa, au katika kitufe ambacho hakuna aliyeelezwa kazi yake. Kuufunga mtambo kwa siku moja ili ufa huo utafutwe kunamgharimu mmiliki mapato ya siku moja, na ndiyo gharama ndogo kuliko zote zilizotajwa katika makala haya.